Mfereji wa Mwisho na Maji ya Jana

Wote mnaonijia hapa Rodi Kopany na cheti kipya cha ufundi bomba, mkiwa mmesikia kuna kazi katika kambi za wakimbizi kule kaskazini, huanza na swali moja: je, kuna joto? Kuna joto. Nililikuta huko na nililiacha huko nilipostaafu. Tukishakubaliana hapo tunaweza kuzungumza juu ya maji, kwa sababu ndiyo yatakayowalipa mshahara na ndiyo mtakayosemewa kila siku.

Mimi nilianzia kazi Homa Bay mjini, mahali ambapo mtu anaweza kusimama mlangoni akaliona ziwa lote mbele yake, na mfereji wake uwe umekauka. Wageni walikuwa wakishangaa. Sisi tulishazoea. Ziwa liko chini, watu wamejenga juu, na maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Baadaye nikapelekwa Ntimaru, ambako mambo ni kinyume: chemchemi iko juu, maji yanashuka yenyewe, na kila mwenye ng'ombe njiani anatoboa paipu kidogo tu, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo nilipopata kazi jangwani nilikwenda nikiwa na uhakika. Nilikuwa nimeona maji yanayokataa kupanda na maji yanayoishia njiani, nikadhani hakuna aina nyingine.

Asubuhi yangu ya kwanza kambini nilichota kikombe cha maji, nikasukutua, na kilichobaki nikakimwaga chini, kama mtu yeyote aliyezaliwa karibu na ziwa anavyofanya. Akina mama waliokuwa mferejini wakaacha kuchota. Walinitazama hadi doa lile mchangani likakauka, na halikuchukua muda. Kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Fundi, umemaliza?" Tangu siku hiyo mimi hunywa kikombe mpaka mwisho, hata kwenye harusi.

Kuna jambo la foleni ambalo hamtafundishwa chuoni. Kule watu hawapangi foleni, wanapanga mitungi. Mtungi mtupu wa lita ishirini unakaa kwenye mstari badala ya mwenyewe, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Kila mtungi una alama: kitambaa chekundu, waya, kovu la kuchomwa na msumari wa moto. Ukifika mpya usiuguse. Niliwahi kuusogeza mmoja nipate kupita na mkokoteni wa paipu, nikaurudisha pembeni kidogo tu ya pale ulipokuwa, na wazee wakaitwa kuamua. Walikaa kikao mpaka adhuhuri, nami nikakaa nao, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mshtakiwa.

Aliyenifundisha kazi, maana ya Homa Bay yalikuwa maandalizi tu, ni Mhandisi Chebet. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia ya majani na maneno machache. Timu nyingine zikija kukagua maji zilikuwa zinaanzia kwenye tangi, kwa sababu tangi liko karibu na ofisi, na ofisi ndiko kwenye kivuli na chai. Zinapima tangi, zinagawanya maji kwa idadi ya watu, zinapata kwamba kila mtu ana maji, zinakunywa chai. Chebet alikuwa anaanzia mfereji wa mwisho kabisa, kisha anarudi nyuma kwa miguu akifuata paipu hadi kwenye tangi. "Odhiambo," aliniambia siku moja nilipomletea taarifa nzuri ya asubuhi, "usiniambie tangi limejaa. Niambie mtu wa mwisho ameoga."

Alikuwa anapima kwa mtungi na saa ya mkononi. Weka mtungi chini ya mfereji, fungua, hesabu hadi ujae. Fanya hivyo asubuhi, rudi mchana, rudi jioni, na usifanye siku ambayo wageni wakubwa wamekuja, kwa maana siku hiyo mwendesha pampu atafunga valvu za kwingine ili mgeni apate maji ya kupiga picha. Siku hizi mnasoma kiwango cha tangi kwenye simu mkiwa mmekaa. Ni jambo zuri sana, nalipenda. Lakini simu bado inazungumza na tangi tu.

Mfereji wa mwisho katika upande wetu wa kambi uliangaliwa na mama mmoja wa Kiacholi kutoka Sudan Kusini, jina lake Mama Achan. Mkijua Dholuo hamtapotea kabisa mbele ya Mwacholi, lugha zetu ni ndugu. Alinisikia nikimlaani mtu fulani juu ya spana, akasimama, akaniita *omera*, yaani ndugu yangu, na akanisahihisha matusi. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa mbali na nyumbani, na hapo kuna mtu ananigombeza kwa sauti ya shangazi zangu.

Sasa, mfereji wa Mama Achan haukuwa mfereji. Koki ilikuwa imeng'olewa, paipu imekatwa karibu na ardhi, na chini yake kumechimbwa shimo. Ukitaka maji unashuka shimoni na mtungi wako, unauegemeza pale, unasubiri. Yalikuwa yanatoka kwa kiasi cha mtu mvivu akimimina chai. Ofisi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba huo ni uharibifu wa mali. Mfereji utazibwa kabla ya mwezi kwisha, na watu wa Mama Achan watapanda kuchota kwenye kituo cha juu, upande wa Wasomali.

Mama Achan alituambia pale pale, bila kupaza sauti. Mara ya mwisho maji yalipokatika kabisa, wasichana wa upande wake walipanda kuchota huko juu. Mitungi yao ilitupwa nje ya mstari, kukatokea vita, na mjukuu wake akarudi na mkono uliovunjika. Mkono ulipona vibaya. Msichana alikuwa amesimama hapo nyuma yake, naye akauficha mgongoni kana kwamba tulikuwa tumekuja kuukagua huo pia.

"Omera," Mama Achan aliniambia, "mkiziba hapa, watoto watapanda tena kule. Mimi siwezi kuwazuia kuwa na kiu."

Chebet alishuka shimoni na viatu vyake. Akakaa humo kitambo akiangalia paipu. Alipopanda akaniambia tupime kina. Kisha akasema hili si uharibifu, hiki ni kipimo: maji hayana nguvu ya kupanda hadi kwenye koki, kwa hiyo watu wameshuka kuyafuata. Shimo likichimbwa zaidi mwezi ujao, ujue presha imeshuka zaidi. Hata geji tuliyoagiza kutoka Nairobi haikuwahi kutupa taarifa safi namna ile, lakini pia geji ile haikuwahi kufika.

Tukaanza kupanda tukifuata paipu, tukitafuta inapovuja. Haikuvuja popote. Nilikata tamaa kidogo, kwa sababu fundi anapenda paipu iliyopasuka. Ni kitu unachoweza kukikaripia. Tukafika upande wa juu, tukalala na maswali yetu, na asubuhi tukarudi kabla maji hayajafunguliwa.

Jamani, nimeona mambo. Maji yalipofunguliwa, jambo la kwanza lililofanyika katika kila boma la upande ule ni kumwaga. Mapipa yaliinamishwa, mitungi iliyojaa ikapinduliwa, maji safi yakatiririka njiani, mbuzi wakanywa, vumbi likalala. Ndipo wakaanza kujaza upya, na muda wote huo paipu ya chini ikabaki bila presha. Nilikuwa nimesimama katikati ya jangwa, viatu vyangu vina matope.

Tulikwenda kwa Mzee Warsame, mwenye mkahawa wa chai, kwa sababu hakuna jambo lililopita upande ule bila yeye. Alikuwa na ndevu zilizopakwa hina na heshima ya watu wote, pamoja na yangu.

"Mzee, mbona mnamwaga?"

"Hiyo ni ya jana," akasema.

"Ya jana ina nini?"

"Imelala. Maji imelala ni maji imekufa. Wewe fundi unakunywa chai ya maji imekufa?" Akanimiminia chai. "Kunywa hii, ya leo. Utaona."

Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri sana, na haikunisaidia katika hoja yangu.

Tulipokaa zaidi akasema na lile jingine. Wakati fulani maji yalikuwa yamepotea upande wao bila taarifa, kwa siku nyingi, na watu walizika wazee na watoto. Tangu hapo hakuna aliyeamini kwamba maji ya kesho yapo. Kwa hiyo yakija, unajaza kila kitu hadi juu, na huwezi kujaza pipa lenye maji yaliyolala. Ndiyo maana wanamwaga. Hata mimi niliona mantiki yake, nikakasirika kwa kuiona.

Chebet alijaribu sayansi. Alichukua maji ya jana kutoka kwa boma moja lililofunika vizuri, akatia kile kidonge cha kupima dawa ya klorini. Maji yakageuka rangi ya waridi, maana yake dawa bado imo, ni salama. Akayainua watu wote wayaone. Mzee Warsame akayatazama kwa huzuni, akasema, "Sasa mmeiharibu kabisa."

Vijana, jifunzeni kuwa na mpango wa pili. Wa Chebet ulikuwa huu: pale paipu inapogawanyika kuna valvu kubwa. Asubuhi tufungulie upande wa chini kwanza, wajaze, kisha tuwafungulie wa juu kwa saa ileile kila siku, bila kuwakosesha. Wa mwisho aanze. Juu wakishaamini saa, wataacha kumwaga, na maji yatatosha wote. Aliliweka jambo hilo mbele ya mkutano wa pande mbili na ofisi, na palikuwa na kelele ambazo sijazisikia tena isipokuwa siku ya soko la ng'ombe kule Ogwedhi.

Mzee Warsame ndiye aliyezikata. Akasema haya, wajaribu wiki moja. Lakini siku moja tu watu wangu wakikosa maji, mpango umekwisha na ule mfereji wa shimoni unazibwa. Na spana nitashika mimi mwenyewe. Mtu wa ofisi akaafiki upesi, maana kwake yote mawili yalikuwa yanamaliza kazi. Watu wakamgeukia Mama Achan. Hakuwa na kitu cha kujadiliana nacho. Akaitikia kwa kichwa.

Tukaunga paipu, tukasimamisha bomba, nikafunga koki mpya kwa mkono wangu. Asubuhi ya kwanza maji yalipanda hadi kwenye koki na kutoka kwa nguvu. Wasichana wakapiga vigelegele. Nikamwambia Mama Achan sasa tufukie shimo, mtu asije akavunjika mguu. Akakataa.

"Kwa nini?"

"Bado sijawaamini," akasema, akarudi kuangalia mitungi yake.

Siku zikaenda vizuri. Chini walijaza kwanza, juu wakafunguliwa kwa saa yake, na kila asubuhi wa juu waliendelea kumwaga ya jana kwa mazoea, sasa hata kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa walijua saa. Tuliwaacha. Nilianza hata kupiga miluzi kazini.

Kisha asubuhi moja, wiki ile haijaisha, chini wakiwa wamekwisha kujaza, na juu wakiwa wamekwisha kumwaga, mkanda wa jenereta ukakatika.

Tangi lilikuwa limemalizwa na wa chini, pampu imezima, na mkanda wa akiba ulikuwa ni ule uliokatika. Chebet akarukia gari kwenda mjini kutafuta mwingine. Mimi nikaambiwa nikae kwenye mfereji wa mwisho "kutuliza watu". Nilikuwa na spana moja ya paipu na kofia. Nilipowaona watu wa juu wakishuka, wanaume kwa wanawake, mitungi mitupu mkononi na fimbo kwa baadhi yao, nilirudi hatua mbili nyuma ya bomba. Mzee Warsame alikuwa mbele. Niliogopa, na niliogopa zaidi kwa ajili ya yule msichana wa mkono.

Mama Achan alikuwa amekaa juu ya mtungi wake mtupu. Hakusimama mpaka mzee alipomfikia. Wakazungumza kwa Kiswahili cha kambini, ambacho hakina mapambo.

"Watu yangu haina maji," akasema Warsame.

"Naona. Mtungi yako iko wapi?"

Mzee hakuelewa. Mama Achan akanyoosha mkono, akauchukua mtungi mtupu wa mzee kutoka kwa kijana wake mmoja, akaubeba mpaka mwanzo wa mstari chini ya koki, na kuuweka mbele ya mitungi yote ya watu wake. Mnakumbuka nilivyowaambia juu ya kusogeza mtungi. Kisha akaita, na wanawake wa upande wake, baada ya kunung'unika kiasi cha kutosha, wakaichukua mitungi mitupu ya wageni wao mmoja mmoja na kuipanga mbele ya ile yao.

Akageukia nyumba yake, mjukuu wake akatoka na mtungi uliofunikwa, akiubeba kwa mkono ule mzuri na kuusaidia kwa ule mwingine. Mama Achan akaanza kummiminia mzee.

"Ya leo nimepikia watoto," akamwambia. "Hii ni ya jana."

Mzee Warsame aliutazama ule mtungi. Watu wake wote walikuwa wanamtazama yeye. Huko juu jiko lake la chai lilikuwa linawaka, na wateja wamekaa. Akasema, "Jaza."

Wakajaza wote, kila nyumba ya chini ikigawa ilichokuwa nacho, mtungi nusu, mtungi robo, yakapanda juu. Nilimfuata mzee hadi mkahawani, kwa sababu za kikazi. Akapika chai. Wateja wakanywa, wakaongeza. Chai ikaisha mapema kuliko siku nyingine. Nikamwuliza ikoje.

"Chai iko sawa," akasema, akifuta kikombe. "Usiambie mtu."

Kulikuwa na watu kama hamsini mkahawani.

Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na mbele ya ofisi. Siku moja tu, alikuwa amesema, na siku moja ilikuwa imepita. Chebet alirudi na mkanda, jenereta likanguruma. Niliwahi kupoteza kazi, niliwahi kupoteza pikipiki, lakini sikuwahi kuumia moyo kwa ajili ya koki moja ya shaba kama nilivyoumia siku ile.

Kesho yake Mzee Warsame akashuka. Mtu wa ofisi alikuja naye, na kifuniko cha kuzibia paipu kikiwa mfukoni. Watu wa Mama Achan walikuwa wamesimama wote, mitungi mbele yao, na msichana yule akaanza kulia kimyakimya. Mzee akaninyooshea mkono nimpe spana. Nikampa.

Akainama kwenye mfereji. Akaitazama koki. Ilikuwa inadondosha tone, tone, pale kwenye uzi wa kukazia, nilipofunga vibaya kwa haraka. Akaweka spana, akakaza robo ya mzunguko, akakaza tena kidogo. Tone likakoma. Akanirudishia spana.

"Inavuja," akaniambia. "Mnapoteza maji."

Akageuka akapanda zake kwenda kupika chai. Mtu wa ofisi alibaki na kifuniko chake, nadhani anacho hadi leo. Na siku hiyo asubuhi, Mama Achan akaniomba sepetu. Hakuniambia la nini. Aliwaita wasichana, wakalifukia lile shimo, wakalikanyagakanyaga mpaka ardhi ikawa sawa.

Mambo yamebadilika. Wameweka pampu za jua, na mkanda wa jenereta ni hadithi. Wa juu walichukua muda, lakini waliacha kumwaga, mmoja mmoja, kila mmoja akidai kwamba yeye hakuwahi. Mimi niko hapa Rodi na mfereji wangu ndio wa mwisho kwenye laini yetu, jambo ambalo mke wangu anasema ni adhabu na mimi nasema ni mafunzo. Tunafunika maji yetu, na asubuhi chai yetu ni ya maji ya jana.

Kwa hiyo mkifika kule, kabla ya kivuli na chai ya ofisi, nendeni kwanza hadi mfereji wa mwisho. Bebeni mtungi na saa. Salimieni kabla ya kupima. Kisha angalieni chini, pale mbele ya bomba, mahali wasichana wanapoweka mitungi. Kuna ardhi tu, imekaa sawa, hakuna kitu cha kuona. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.